Fahali wa Torino na Watu Wake

Klabu ya Torino ilizaliwa kutokana na ugomvi. Tarehe 3 Desemba 1906, katika baa ya Voigt iliyokuwa mtaa wa Pietro Micca mjini Turin, walikutana watu wa pande mbili: wachezaji wa klabu ndogo ya FC Torinese, na kundi la waliojitoa Juventus wakimfuata Alfred Dick, mfanyabiashara wa Kiswisi aliyekuwa rais wa Juventus kabla ya kukosana na wenzake. Wakaungana, wakaipa timu yao jina la mji. Kwa hiyo utani wa jadi kati ya klabu hizo mbili haukungoja miaka ukomae. Ulikuwepo hata kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Zilipokutana mara ya kwanza, tarehe 13 Januari 1907, Torino ilishinda 2-1, na mpaka leo wapo mashabiki wanaoitaja mechi hiyo kama ya juzi.

Jezi yao ni ya rangi ya damu ya mzee, ambayo Waitaliano huiita granata, jina lenye asili ya komamanga. Kwenye nembo yupo fahali aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, mnyama wa nembo ya mji wenyewe, na ndiyo maana mashabiki huiita timu yao Toro, yaani fahali. Kwao neno hilo si jina la utani tu. Husema mtu ana moyo wa Toro, wakimaanisha asiyekata tamaa hata mambo yakimwendea kombo, na historia ya klabu imewapa nafasi nyingi za kuupima moyo huo.

Mara nyingi huelezwa kwamba Torino ni timu ya wafanyakazi na Juventus ni timu ya matajiri. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haifai kumezwa nzima. Ni kweli kwamba tangu 1923 Juventus imekuwa mikononi mwa ukoo wa Agnelli, wenye kiwanda cha magari cha Fiat, na kwamba kumpinga mwajiri uwanjani kulikuwa na utamu wake kwa fundi wa kiwandani. Ila Torino nayo miaka hiyohiyo iliongozwa na Enrico Marone Cinzano, kabaila wa ukoo maarufu wa watengeneza vinywaji. Na baadaye, vijana wa kusini mwa Italia walipomiminika Turin kutafuta kazi Fiat, wengi wao walichagua Juventus. Torino ikabaki zaidi kuwa timu ya wenyeji: familia ambazo babu, baba na mjukuu walikaa jukwaa moja.

Jukwaa hilo lilikuwa Filadelfia. Uwanja huo, uliopewa jina la mtaa uliopita kando yake, ulifunguliwa tarehe 17 Oktoba 1926. Ulikuwa wa matofali mekundu na viti vya mbao, mdogo kiasi kwamba mchezaji aliyekuwa pembeni alisikia kila tusi na kila sifa. Walioujaza miaka ya mwanzo walikwenda kuwatazama washambuliaji watatu, Adolfo Baloncieri, Julio Libonatti aliyetoka Argentina, na Gino Rossetti. Msimu wa kwanza tu wa Filadelfia, Torino ilimaliza kileleni. Lakini Novemba 1927 chama cha soka chini ya Leandro Arpinati kiliufuta ubingwa huo, kwa tuhuma kwamba Luigi Allemandi, beki wa Juventus, alihongwa kabla ya mechi ya watani. Torino ikajibu uwanjani kwa kutwaa ubingwa wa 1928, na huo ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza. Ule wa 1927 haukupewa mtu mwingine. Nafasi yake katika orodha ya mabingwa ni tupu, na wapenzi wa Torino hawajaacha kuudai.

Mwaka 1939 klabu ilipata rais aliyeibadilisha kabisa. Ferruccio Novo alikuwa mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi, na aliwanunua wachezaji kama fundi anavyochagua ngozi: kwa kupapasa, bila haraka. Kutoka Varese alimleta winga Franco Ossola. Mwaka 1941 alimchukua Guglielmo Gabetto, mshambuliaji wa Juventus ambaye wenye klabu hiyo walidhani ameshachuja. Mwaka 1942 akatoa zaidi ya lire milioni moja kwa Venezia ili kuwapata viungo wawili, Ezio Loik na Valentino Mazzola. Msimu uliofuata Torino ilitwaa ligi na Kombe la Italia kwa pamoja, jambo ambalo hakuna klabu ya Italia iliyowahi kulifanya kabla yake.

Vita ndiyo iliyowasimamisha. Ili wasipelekwe jeshini, wachezaji waliandikishwa kuwa watumishi wa Fiat, na timu ikacheza mashindano ya 1944 kwa jina la Torino Fiat. Taji hilo la wakati wa vita walilikosa baada ya kufungwa na timu ya kikosi cha zimamoto cha La Spezia, matokeo ambayo mjini Turin hutajwa kwa kunong'ona.

Amani iliporudi walichukua ubingwa wa 1946, wa 1947 na wa 1948 mfululizo. Katika msimu wa 1947/48 walifunga mabao 125 kwa mechi 40 na kumaliza pointi 16 mbele ya timu ya pili, wakati ushindi ulikuwa bado unatoa pointi mbili tu. Alessandria ilifika Filadelfia ikarudi na mabao 10 bila jibu. Tangu Januari 1943 hakuna aliyekuwa amewafunga kwenye ligi katika uwanja huo. Tarehe 11 Mei 1947, Italia ilipoifunga Hungary 3-2, wachezaji 10 kati ya 11 wa timu ya taifa walitoka Torino. Aliyebaki, kipa, alikuwa wa Juventus. Aliyesimamia mfumo wao wa uchezaji alikuwa Ernő Egri Erbstein, Myahudi wa Hungary. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilikuwa zimemlazimisha kuondoka Italia, akaponea chupuchupu katika kambi ya kazi za shuruti huko Budapest, kisha Novo akamrudisha baada ya vita.

Takwimu hizo zinaeleza ubora, lakini hazielezi mapenzi. Turin ya wakati ule ulikuwa mji uliopigwa mabomu, chakula kilikuwa haba, na wachezaji hawa waliishi humohumo. Gabetto na Ossola walikuwa na baa yao katikati ya mji. Mazzola, aliyewahi kufanya kazi ya ufundi katika kiwanda cha Alfa Romeo, alikuwa na duka la vifaa vya michezo. Shabiki aliyeshangilia Jumapili aliweza kunywa kahawa Jumatatu kwa aliyefunga bao. Na uwanjani shabiki mwenyewe alikuwa na kazi yake. Oreste Bolmida, mfanyakazi wa reli, alikaa jukwaani na tarumbeta. Timu ikionekana kusinzia, alilipuliza mara tatu. Mazzola akasikia, akakunja mikono ya jezi yake, na hapo ikaanza ile waliyoiita robo saa ya granata. Tarehe 30 Mei 1948 Lazio ilikuwa mbele kwa mabao 3-0 ndani ya Filadelfia. Mpira ukaisha 4-3 kwa wenyeji. Mkunjo wa mikono ya jezi ulikuwa ishara kwa wachezaji, kwa watazamaji, na kwa wageni pia, ambao walijua fika kinachowajia na hawakuweza kukizuia.

Februari 1949, Italia ilipocheza na Ureno mjini Genoa, Mazzola alizungumza na Francisco Ferreira, nahodha wa Ureno na Benfica, wakapanga mechi ya kirafiki ya kumuenzi Ferreira. Tarehe 30 Aprili Torino ilitoka sare ya 0-0 na Inter mjini Milan, na kwa mechi nne zilizobaki ubingwa wa tano ulikuwa karibu mkononi. Ikasafiri kwenda Lisbon. Mechi ilichezwa tarehe 3 Mei na Benfica ikashinda 4-3.

Kesho yake ndege aina ya Fiat G.212 iliondoka Lisbon, ikatua Barcelona kuongeza mafuta, kisha ikaelekea Turin. Mawingu yalikuwa mazito, mvua inanyesha, na mlima wa Superga, wenye urefu wa mita zisizozidi 700 hivi na kanisa kubwa kileleni, haukuonekana kabisa. Muda mfupi baada ya saa 11 jioni ndege iliugonga ukuta ulio nyuma ya kanisa hilo. Wote 31 waliokuwa ndani walikufa: wachezaji 18, Erbstein na kocha mwenzake Mwingereza Leslie Lievesley, mchua misuli, viongozi, wafanyakazi wa ndege, na waandishi watatu, akiwemo Renato Casalbore, mwanzilishi wa gazeti la Tuttosport.

Vittorio Pozzo, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia mara mbili na ambaye sasa alikuwa mwandishi wa gazeti, alipanda mlimani akaombwa kuitambua miili. Aliwajua vijana wale mmoja mmoja, maana ndiye aliyewavisha jezi ya taifa. Waliosalimika ni wale ambao hawakusafiri. Novo alikuwa na mafua. Beki Sauro Tomà alibaki kwa sababu ya goti. Kipa wa akiba Renato Gandolfi aliachwa ili nafasi yake ichukuliwe na Dino Ballarin, apate kusafiri na kaka yake Aldo. Tomà aliishi hadi 2018, na kwa karibu miaka sabini aliulizwa swali lilelile.

Mazishi yalifanyika tarehe 6 Mei, na makadirio ya wakati ule yanataja watu nusu milioni barabarani, katika mji ambao wakazi wake wote hawakufika milioni moja. Juventus nayo ililia. Siku ile utani uliwekwa kando. Mechi nne zilizobaki Torino ilizicheza kwa vijana wake. Wapinzani wakapanga vijana wao pia, kwa heshima, na Torino ikashinda zote. Tarehe 26 Mei River Plate ya Argentina, ikiwa na Alfredo Di Stéfano, ilivuka bahari ili kucheza mechi ya kuzichangia familia za marehemu, ikaisha 2-2. Tangu hapo River imepata wapenzi Turin na Torino imepata wapenzi Buenos Aires, watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Timu ya taifa ya Italia haikupona upesi kiasi hicho. Mwaka 1950 ilikwenda Kombe la Dunia nchini Brazil kwa meli, safari ya wiki kadhaa, na ikatolewa mapema.

Kikosi kile huitwa Grande Torino, Torino Kuu, na watoto wa Italia walijifunza majina yake kwa mpangilio wa uwanjani, kama mtu anavyokariri sala: Bacigalupo, Ballarin, Maroso; Grezar, Rigamonti, Castigliano; Menti, Loik, Gabetto, Mazzola, Ossola. Kila tarehe 4 Mei mashabiki hupanda Superga, wengine kwa miguu, na nahodha wa timu husimama mbele ya jiwe la kumbukumbu nyuma ya kanisa na kuyasoma majina yote 31. Nahodha mwenyewe huenda ni mgeni aliyesajiliwa mwaka jana tu, lakini umati humsikiliza kwa makini, na akijikwaa kwenye jina wanatambua.

Klabu yenyewe ilianza kuporomoka. Mwaka 1951 lilianzishwa kundi la Fedelissimi Granata, moja ya vikundi vya kwanza vya ushangiliaji vilivyoundwa rasmi Italia. Inafaa kuangaliwa kwamba lilianza wakati timu haikuwa tena na cha kushangilia. Mwaka 1959 Torino ilishuka daraja kwa mara ya kwanza. Ilirudi baada ya msimu mmoja, na ilipoingia mikononi mwa rais Orfeo Pianelli ikapata mtu ambaye mashabiki walimpenda kwa namna nyingine kabisa.

Luigi Meroni, aliyeitwa Gigi, alizaliwa Como mwaka 1943. Alikuwa winga mwenye chenga za kuwaacha mabeki wamekaa chini, soksi zimeshuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Alifuga nywele ndefu wakati makocha walizichukia, alichora picha, alijishonea nguo, na inasimuliwa kwamba alipata kumtembeza kuku mtaani kwa kamba. Mwaka 1967 ilifahamika kwamba Juventus ilitaka kumnunua kwa lire milioni 750. Mashabiki wa Torino walipandwa na hasira, wakaandamana, na biashara ikafa. Miezi michache baadaye, jioni ya tarehe 15 Oktoba, baada ya mechi dhidi ya Sampdoria, Meroni alikuwa akivuka barabara ya Corso Re Umberto alipogongwa na gari. Alikuwa na umri wa miaka 24. Dereva alikuwa kijana wa miaka 19, Attilio Romero, shabiki wa Torino aliyekuwa na picha ya Meroni chumbani kwake. Wiki moja baadaye Torino iliifunga Juventus 4-0, na Nestor Combin, rafiki wa marehemu, alifunga mabao matatu.

Yapo mambo katika historia hii ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuyaandika. Rubani wa ndege ya Superga aliitwa Pierluigi Meroni. Na mwaka 2000, Attilio Romero alikuja kuwa rais wa Torino.

Furaha kubwa iliyofuata ilikuja 1976. Kocha Luigi Radice alikuwa na timu iliyokaba kuanzia lango la mpinzani, na mbele washambuliaji wawili, Paolo Pulici na Francesco Graziani, walioitwa mapacha wa mabao. Juventus iliongoza kwa pointi tano, kisha ikapoteza mechi tatu mfululizo. Siku ya mwisho, tarehe 16 Mei, Torino ilitoka sare ya 1-1 na Cesena, ikiwa ndiyo pointi pekee iliyoidondosha nyumbani msimu mzima, lakini kule Perugia Juventus ilifungwa 1-0. Ubingwa ukarudi baada ya miaka 27. Haukupita mwaka kabla ya msiba: Novemba, Giorgio Ferrini, nahodha wa zamani aliyecheza mechi nyingi kuliko yeyote katika jezi ile na sasa akiwa msaidizi wa Radice, alifariki akiwa na miaka 37. Msimu huo Torino ilikusanya pointi 50 kati ya 60. Juventus ilipata 51.

Ulaya nayo ilikuwa na zamu yake ya kuwaumiza. Mwaka 1992 timu ya Emiliano Mondonico iliitoa Real Madrid katika nusu fainali ya Kombe la UEFA. Mechi ya kwanza ya fainali na Ajax iliisha 2-2 mjini Turin. Kule Amsterdam, mpira wa Torino uligonga mwamba mara tatu na mechi ikaisha 0-0, kombe likaenda kwa Ajax kwa mabao ya ugenini. Mwamuzi alipokataa kutoa penalti, Mondonico alinyakua kiti kilichokuwa kando ya uwanja akakiinua juu. Hakukirusha. Picha ya mtu yule na kiti chake imechapwa kwenye fulana na bendera za Torino kwa wingi kuliko picha ya kombe lolote. Kombe la Italia walilolitwaa mwaka uliofuata, taji lao kubwa la mwisho, halina picha inayojulikana kiasi hicho.

Kilichofuata ni madeni na kuyumba kati ya madaraja mawili. Tarehe 4 Mei 2003, timu ikiwa inaelekea kushuka tena, makumi ya maelfu ya watu waliandamana kupitia katikati ya mji wakiwa na bendera zao, bila mechi yoyote ya kutazama. Mwaka 2005 Torino ilishinda mechi za mchujo na kupanda Serie A, lakini ikanyimwa usajili kwa sababu ya hali yake ya fedha, na kampuni ikafilisika. Klabu mpya iliundwa kwa utaratibu wa kuokoa timu zenye historia, ikawekwa Serie B, na Urbano Cairo akawa rais wake mnamo Septemba. Juni 2006, mwaka wa kutimiza karne, ilikwenda kwenye mchujo ikafungwa 4-2 na Mantova ugenini, kisha ikashinda 3-1 nyumbani baada ya muda wa nyongeza na kupanda. Kwa mashabiki waliokuwa uwanjani usiku ule, kupanda daraja kulikuwa na uzito wa ubingwa.

Februari 2015 Torino ilishinda 3-2 ugenini kwa Athletic Bilbao, ikiwa timu ya kwanza ya Italia kupata ushindi katika uwanja wa klabu hiyo, na tarehe 26 Aprili ikaifunga Juventus 2-1, ushindi wa kwanza dhidi ya watani katika miaka 20. Mtoto aliyezaliwa baada ya ushindi uliotangulia alikuwa ameshamaliza shule bila kuona mwingine.

Filadelfia, wakati huo wote, ilikuwa gofu. Mechi za ligi zilikuwa zimehamia kwingine tangu 1963, ingawa timu iliendelea kufanyia mazoezi pale, na watoto wa mtaani walikwenda kuwatazama baada ya shule. Mwaka 1997 kuta zikaanza kubomolewa, mipango ya kujenga upya ikafuatana na kukwama, na magugu yakaota mahali Mazzola alipokunja mikono ya jezi. Mashabiki walifyeka nyasi wenyewe, wakachanga fedha, wakawasumbua mameya mmoja baada ya mwingine. Vipande vilivyosalia vya jukwaa la zamani viliachwa visimame, na tarehe 25 Mei 2017 Filadelfia mpya ikafunguliwa kando yake, uwanja mdogo wa mazoezi na wa mechi za vijana. Wazee walirudi pale walipokaa na baba zao. Tangu hapo wana lalamiko moja: makocha hufunga milango ya mazoezi mara nyingi mno, na wao huachwa nje ya ukuta, wakisikiliza mpira ukipigwa.